Mkunga wa Walevi

Siku ile sebuleni kwetu walikuwapo hawa: baba mdogo, ambaye ni mdogo wa marehemu baba yetu; mzee wa kanisa wa mtaa wetu; Tumpe, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa amefika kwa basi kutoka Mbeya anakouza katika duka la vitambaa; Ipyana, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa, ambaye ndiye tuliyekuwa tunamjadili, amejifunika blanketi kwenye kona; na mimi Sekela, mwenye nyumba kwa sababu hakuna mkubwa mwingine. Wa mwisho alikuwa Mkunga. Yeye hakualikwa na mtu. Aliingia na mwavuli wake mweusi, akaukung'uta mlangoni mpaka mzee wa kanisa akalowana magoti, akaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akasema, "Endeleeni. Mimi nimejificha mvua tu."

Tukuyu ina faida hiyo. Ukitaka kuingia nyumba ya mtu bila kualikwa huna haja ya kutunga sababu. Inanyesha.

Tukaendelea. Baba mdogo alitaka kijana arudishwe kwenye kimpumu. Kimpumu ni pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwa mrija huku maji ya moto yakiongezwa, na wazee wetu wengi hawaihesabu kuwa pombe. Kwa baba mdogo, kilichomharibu Ipyana ni zile pombe kali za chupa ndogo. Akipewa kimpumu asubuhi na jioni, mwili utatulia wenyewe. Tulikuwa tumeshajaribu. Ipyana alikunywa kimpumu kama uji, kisha akaenda kunywa za chupa kama mtu anayeshushia uji kwa chai.

Mzee wa kanisa alitaka afungiwe chumbani na Biblia, afunge kula na kunywa wiki nzima, naye angekuja kuomba kila asubuhi. Tumpe alitaka apelekwe soba, yaani zile nyumba za upataji nafuu ambako walioacha wanaishi pamoja kwa miezi. Alisema ipo moja Mbeya na ameshaliona geti lake. Ipyana mwenyewe alisema hakuna haja ya kusumbuana, ataacha Jumatatu. Alikuwa ameshaacha Jumatatu nyingi. Mimi nilikuwa tayari kukubali lolote mradi asitoke nyumbani.

Mkunga alisikiliza wote huku akivuta pembe ya khanga yake. Kisha akamgeukia Ipyana.

"Mwanangu, asubuhi kabla hujanywa, mikono inatulia?"

"Inatulia, Bibi."

"Itoe nje ya blanketi niisalimie."

Akaitoa. Ikatetemeka mpaka blanketi likaanza kucheza lenyewe.

"Mara ya mwisho ulipoacha, uliona nini?"

Ipyana akainama. Nikamjibia mimi. "Siafu. Alisema ukuta mzima umejaa siafu, na ulikuwa mweupe. Halafu akaanguka bandani kwa ng'ombe, akakakamaa, akajiuma ulimi."

Mkunga akasimama. "Huyu hawezi kuachia pombe nyumbani. Wala kufunga hawezi. Akiacha hapa, kwenye hili blanketi, mtamzika nalo. Wodini kwanza, leo, bado kuna mwanga. Hayo mengine mtagombania akiwa ana dripu."

Baba mdogo alicheka kwa hasira. "Tangu lini mkunga akapima wanaume?"

"Tangu wanaume walipoanza kubeba vitu tumboni wasivyoweza kuvitoa wenyewe," akasema, na akaanza kuniuliza kama jirani mwenye bajaji yupo.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika habari zetu, ingawa yeye angesema aliingia mapema zaidi. Alishatuzalisha wote watatu. Nusu ya Bagamoyo, mtaa wetu wa hapa mjini Tukuyu, imepita mikononi mwake, na hii ndiyo sababu hakuna aliyeweza kumfanyia ukubwa. Mchungaji akianza kuongea kwa sauti ya mimbarini, anamwambia, "Baba, mimi nilikuona kabla mama yako hajakuona, na ulikuwa umetanguliza makalio." Dereva bodaboda akimtoza nauli, anamkumbusha kwamba yeye alipotoka safari yake ya kwanza hakulipa. Alishastaafu zamani, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwenye karatasi tu. Alipoacha kuitwa na wenye uchungu wa kuzaa, akaanza kuitwa na wake wa walevi, na yeye hakuona tofauti kubwa.

Habari ya ulevi hakuizua kichwani. Alikwenda kwenye mafunzo ya wahudumu wa jamii hospitalini, akakaa mbele, akauliza maswali mpaka daktari akamwomba awaachie na wengine. Alirudi na fulana ya mafunzo ambayo haikumwenea, akaifanya kifuniko cha chupa ya chai, na akarudi na maneno ya daktari ambayo aliyageuza mara moja kuwa ya uzazi, kwa sababu ndiyo lugha aliyoijua. Daktari alisema kila mraibu apimwe kwanza ndipo achaguliwe matibabu yanayomfaa, mazito au mepesi. Mkunga akasema, kumbe! Ni kliniki ya wajawazito. Kuna wa kuhudhuria tu na kurudi nyumbani, kuna wa kulazwa kusubiri, kuna wa kukimbizwa kwa gari la wagonjwa. Kosa ni kuwapa wote kitu kimoja.

Akawa anawapima wanaume wa mtaa kama wajawazito, bila aibu, tena hadharani. Unaweza kuwa unanunua ndizi sokoni ukamsikia anamuuliza mzee wa watu, mwenye koti na kofia, "Hii ni mimba yako ya ngapi?" Maana yake, umeshajaribu kuacha mara ngapi. Mzee anatazama huku na huku. "Ya tatu, Bibi." "Na zile mbili zilitokaje?" "Ziliharibika." "Zikiwa na muda gani?" Wauza ndizi wanajificha nyuma ya mikungu kucheka, naye Mkunga hacheki kabisa. Anataka kujua ziliharibikia wapi, kwa sababu anasema mahali ilipoponyoka ya kwanza ndipo itakapoponyoka tena.

Maswali yake hayakubadilika. Asubuhi unatetemeka? Umewahi kuanguka au kuona visivyokuwapo? Una presha, kisukari, ugonjwa mwingine wa mwili au wa mawazo? Unataka kuacha wewe, au umeletwa kwa kuvutwa shati? Umeshajaribu mara ngapi? Na la mwisho, ambalo ndilo aliloliuliza polepole kuliko yote: nyumbani kwako kuna nani, na ukitoka mlangoni unakutana na nini?

Kuna fundi cherehani wa Mpuguso ambaye mkewe alimleta huku akilia. Wote tulidhani atapelekwa mbali. Mkunga akamuuliza maswali yake, akagundua kwamba bwana huyu hunywa siku ya gulio tu, hatetemeki, haoni siafu, na pombe yake huanza saa ileile anapopokea hela za wateja. Akasema huyu ni wa nyumbani. Mkewe akawa anakaa naye pale kwenye cherehani siku za gulio, yeye ndiye anayepokea, na jioni wanaondoka pamoja kwa njia ya juu isiyopita kilabuni. Akaambiwa pia aonane na mshauri pale zahanati. Fundi alilalamika kwamba amewekewa askari. Mkunga akamwambia, "Nilitaka kukulaza wodi ya wazazi, ukakosa kitanda. Shukuru." Mpaka leo anashona, na mkewe siku hizi ndiye anayekata vitambaa.

Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye alikuwa anakunywa peke yake, chumbani, kwa heshima, akiwa amevaa soksi. Huyu hakuwa na vurugu hata kidogo na ndiyo maana watoto wake walichelewa kujua. Mkunga alimpeleka hospitali apimwe, na daktari akaona anaweza kutibiwa akitokea nyumbani: aende kliniki kila wiki, anywe dawa, akae na mshauri, halafu na kikundi cha wenzake. Mwalimu alikubali kliniki lakini alikataa kikundi, kwa kuwa wengine aliwahi kuwafundisha. Mkunga akamwambia, "Ndiyo vizuri. Sasa wao watakusahihisha wewe." Akaenda. Nasikia siku hizi ndiye anayewahi kuliko wote na anawasimamisha wanaochelewa.

Na kulikuwa na kijana wa unga, yaani heroini. Huyo aliutoa Dar es Salaam, akarudi kwao mwembamba, mama yake akataka alishwe ndizi na maziwa mpaka apone. Mkunga alikubali ndizi na maziwa, lakini akasema ugonjwa wa unga una dawa yake, methadoni, inatolewa kliniki huko Mbeya, mtu anakunywa kila siku mbele ya nesi. Mama akashika kichwa. "Bibi, si ni kumtoa kwenye dawa na kumtia kwenye dawa?" Mkunga akamuuliza, "Dada yako mwenye kisukari anajichoma sindano kila siku. Ulishamwambia ana uraibu wa sindano?" Kijana alipanga chumba Mbeya karibu na kliniki. Huyo Mkunga alimwita "wa safari", maana hakuna namna ya kumtibu bila kuhama.

Nikisimulia hivi mtu anaweza kudhani alikuwa hakosei. Alikosea, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Kuna mkaanga chipsi mmoja alimhukumu kuwa wa nyumbani kwa sababu mtu huyo aliongea vizuri na kucheka sana. Kumbe alikuwa amejibu maswali yote kwa uongo, na mkewe aliyejua ukweli alikuwa amesimama jikoni, hakuulizwa. Alianguka kifafa cha pombe siku ya pili, akaokolewa kwa kukimbizwa hospitali. Tangu hapo Mkunga hakumpima mtu bila kuwepo mtu wa pili wa nyumba ile, na hakumhukumu mtu bila kusema, "Hili ni la macho yangu. Daktari ana macho na mashine." Akiwafuata madaktari alikuwa mpole mpaka unashangaa. Anakunja mwavuli, anasubiri kwenye benchi kama wengine, anaitwa "Bibi" na vijana aliowazalisha, anaitika "Naam, Daktari."

Upole huo aliumaliza hukohuko. Nyumbani alikuwa mgomvi. Aligombana na kuku, na televisheni ya jirani, na ukungu wa asubuhi kwa kumfichia nani anatoka kilabuni. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kinyakyusa, na akikasirika kile cha nyumbani kilikifunika kile cha kazini, ukabaki unasikia "mwe, mwe, mwe" tu. Chai yake alikunywa na sukari nyingi kiasi kwamba kijiko kilikuwa kinasita kuzunguka.

Halafu kulikuwa na ugoro.

Mwanamke aliyewatoa watu kwenye pombe, kwenye bangi na kwenye unga, alikuwa na kakopo kadogo ka bati alikokaficha kwenye pindo la khanga. Katikati ya kumwambia mtu kwamba uraibu ni ugonjwa usio na aibu, anageuka ukutani, bega linapanda, anapiga chafya mbili, anageuka akiwa na machozi, anaendelea palepale alipoachia. Ukimtazama anakuuliza unatazama nini. Tumpe, ambaye ulimi wake hauna breki, alimwambia siku moja, "Bibi, na wewe je, uko kundi gani?" Akajibu, "Hii ni dawa ya mafua." Tumpe akasema, "Mafua ya tangu lini?" Akasema, "Ya tangu kabla hujazaliwa, na niliyapata kwa kukuzalisha wewe usiku wa mvua."

Sasa nirudi kwa Ipyana. Alilazwa siku ileile katika hospitali ya misheni. Wodini alitetemeka, akatokwa jasho, akawaona siafu tena, lakini safari hii kulikuwa na manesi, dripu na dawa, na hakuanguka. Mzee wa kanisa alikuja kuomba kando ya kitanda, na Mkunga alimsogezea kiti. "Omba, baba," akamwambia. "Hapa ndipo pa kuombea. Wewe shika huku, dawa ishike huku." Walikuwa marafiki tangu hapo. Baba mdogo alileta maziwa, akakaa muda mrefu akimtazama kijana wake, na sikumsikia tena akitaja kimpumu.

Mimi nilidhani tumemaliza. Alipotulia na kuanza kuomba chakula, nilimwandalia chumba, nikaosha blanketi. Mkunga alinikuta naanika.

"Unaandaa nini?"

"Anarudi, Bibi. Daktari anasema mwili umesafika."

"Hospitali imezalisha. Kulea bado. Mtamlelea wapi?"

"Hapa kwao."

Akanishika mkono, akanisimamisha mlangoni kwangu, akaniambia nitazame mbele. Nikatazama. Ng'ambo ya njia, baada ya migomba ya jirani, palikuwa na kilabu, na mwenye kilabu alikuwa akitupungia mkono, maana ni mtu mwema na aliwahi kutukopesha mbolea.

"Atakapotoka kwenda chooni," Mkunga akasema, "atapungiwa mkono."

Nilijua anakokwenda na sikutaka kufika. Inabidi niseme kwa nini. Baba na mama walipofariki kwa kufuatana, ndugu walikaa matangani wakatugawa: Tumpe aende kwa shangazi, Ipyana kwa baba mdogo, mimi niende kulea watoto wa mtu Kyela. Nilikuwa bado nasoma. Nilisimama nikasema hatugawanyiki, nitachuma chai. Nikaacha shule, nikachukua kapu, nikaingia shambani asubuhi iliyofuata na viatu vya mama. Tangu hapo hakuna aliyelala nje ya nyumba ile bila mimi kujua, isipokuwa Tumpe alipopata kazi. Kumpeleka Ipyana soba, akae na watu wasiomjua kwa miezi, ilikuwa kwangu kama kuwarudia wale ndugu wa matangani na kuwaambia, mlikuwa sahihi, tugaweni.

Nilimwambia hivyo. Nililia pia, mbele ya blanketi linalodondosha maji. Mkunga alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbatia, haikuwa tabia yake. Alivuta ugoro, akapiga chafya, akasema:

"Sekela, umemlea vizuri. Umemlea mpaka umekuwa godoro lake. Kila akianguka anaangukia laini, anajigeuza, analala. Sasa anahitaji kulala kwenye kitanda cha mbao na watu wanaokoroma, wamwambie, sisi pia."

"Na akiona nimemtupa?"

"Ataona hivyo. Wiki ya kwanza watoto wote wanalia wakiachishwa ziwa. Ulishamwona mama anayerudi kuomba msamaha?"

Tulichanga, tukampeleka. Mimi na Tumpe tulimfikisha kwenye lile geti, naye hakugeuka kutuaga. Wiki zile nilichuma chai kama mtu anayeng'oa magugu. Msimamizi aliniambia nachuma na majani ya zamani. Kila nikipita kwa Mkunga aliniuliza, "Godoro linaendeleaje?" Nami nilimjibu, "Limetobolewa."

Ipyana alirudi amenenepa na amejifunza kufua. Alikaa vizuri, kisha siku ya harusi ya binamu yetu akanywa. Nilimkimbilia Mkunga nikisema yote yameharibika, tumepoteza kila kitu. Yeye alikuwa anamenya viazi na aliendelea kumenya. "Mimba ikiharibika tunamfukuza mama?" akauliza. "Mlete nimsikie. Ametetemeka?" Hakuwa ametetemeka, alikunywa siku moja, akaja mwenyewe kuniambia. Safari hii alimtuma kwa mshauri wa hospitali, na hospitali ikaona haina haja ya kumlaza wala kumrudisha soba. Akawekewa kliniki ya kila wiki na kikundi, kilekile cha yule mwalimu wa soksi. Aliwekwa mahali pepesi zaidi kuliko mara ya kwanza, jambo ambalo mimi sikulielewa, maana nilidhani anayerudia hupewa zito. Mkunga akasema hupewa linalomtosha.

Siku hizi Ipyana anabebesha miche ya parachichi. Anapasua shina dogo kwa wembe, anachomeka kikonyo cha mbegu nzuri, anafunga kwa nailoni. Ni kazi ya mikono isiyotikisika. Njia ya kutoka nyumbani tumeipitisha nyuma, kwenye zizi, na mwenye kilabu tumemweleza. Siku hizi anapunga akiwa ndani.

Alipotimiza muda mzuri bila kunywa, nilimpelekea Mkunga jogoo na mkungu wa ndizi. Ndizi alipokea. Jogoo alimtazama, akaniuliza, "Huyu wa nini?"

"Wa shukrani, Bibi. Ndaga fijo."

"Nikizalisha kitoto cha kushikika kwa mkono mmoja nilikuwa napewa jogoo. Ipyana wako ana ndevu! Alinichosha kuliko kitoto. Rudi na jogoo wako. Deni lako ni kubwa, na nitalidai mwenyewe siku nikitaka."

Nilidhani ni mzaha. Miaka ikapita na jogoo akaliwa.

Masika haya nilisikia kwamba amelazwa kwa presha na ameruhusiwa. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta kitandani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, chupa ya chai kando yake imevaa ile fulana ya mafunzo, na juu ya meza pakiti za vidonge. Alikuwa amepungua. Mikono iliyotupokea sisi wote ilikuwa juu ya blanketi, midogo.

"Daktari ameniletea maneno," akasema. "Sukari nipunguze. Chumvi nipunguze. Na ile dawa yangu ya mafua, ameniambia niache kabisa. Inapandisha presha. Amesema nikiendelea, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka. Yule mtoto, nilimtoa kwa shida sana, na leo ananiambia mimi."

"Utaacha?"

"Mimi ni wa nyumbani. Naacha Jumatatu."

Nilimtazama. Yeye akatazama ukuta. Nikavuta kigoda, nikakaa kama alivyokuwa anakaa yeye, nikakunja khanga yangu.

"Asubuhi unavuta kabla ya kunawa uso, au baada?"

Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Bibi."

"Kabla."

"Hii ni mimba ya ngapi?"

"Usinihesabie mimba, mtoto wewe."

"Zilizotangulia ziliharibikia wapi?"

Alitaka kucheka, kikohozi kikamwahi. Alipotulia akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Jioni. Mvua ikinyesha na hakuna aliyekuja. Naanza kuitafuta."

"Na nyumbani kuna nani?"

Wote tulijua. Alizalisha mtaa mzima na alikuwa anaishi peke yake na kuku anaogombana nao.

"Basi wewe huwezi kuachia nyumbani," nikamwambia. "Wewe ni wa zahanati. Kila wiki, na mtu wa kukusindikiza. Nitakuwa mimi. Hili ni la macho yangu, tukifika watasema wao."

Alinitazama kwa hasira kama aliyokuwa anawapa wale wenye koti na kofia waliobisha. Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la khanga, taratibu, akatoa kale kakopo ka bati. Kalikuwa kamekaa mikononi mwake mpaka rangi yote imelika. Akakaweka kwenye kiganja changu, akakifunga kwa vidole vyake.

"Unakumbuka deni?"

"Nakumbuka."

"Nalidai. Kaa nacho hiki. Usikitupe, nikijua kimetupwa nitanunua kingine. Kaa nacho. Nitakuja kukiomba. Nitakuja kwa maneno mazuri, nitakuja kwa matusi, nitakukumbusha nilivyokuzalisha, nilivyomwokoa Ipyana. Uninyime. Kila nikija, uninyime. Hapo ndipo utakuwa unalipa."

Alikuja mapema kuliko nilivyotegemea, mara tu alipopata nguvu ya kusimama. Nilisikia mwavuli ukikung'utwa mlangoni. Ipyana alikuwa mezani ananoa wembe wake, akasimama kumpisha kiti kizuri.

"Nimejificha mvua tu," akasema.

"Karibu, Bibi. Chai ipo, sukari haipo."

Akaketi. Macho yake yalipanda kabatini, yakashuka, yakaenda dirishani, yakarudi kabatini. Aliuliza habari za ng'ombe. Aliuliza habari za Tumpe. Alisema mafua yanamsumbua sana masika haya. Nikasema pole. Alisema mtoto aliyemzalisha usiku wa mvua hawezi kumnyima bibi yake kitu kidogo kama kile. Nikasema aliyezaliwa usiku wa mvua ni Tumpe, mimi nilizaliwa mchana. Akasema sina adabu. Ipyana akainama juu ya wembe, mabega yakimcheza kwa kicheko, mikono imetulia.

"Jumanne tunakwenda zahanati," nikamwambia.

"Jumanne nina shughuli."

"Nitakupitia asubuhi."

Alikunywa chai isiyo na sukari kwa uso wa mtu aliyepewa dawa ya minyoo. Mvua ilikatika, naye hakuondoka. Kakopo kako kwenye mfuko wa sweta yangu, nimekashikilia kwa mkono wa kushoto, na sasa yeye ameshajua. Nimeshamnyima mara moja. Amegeuza kiti kidogo, ananitazama, na naona anatafuta neno zuri la kuanzia tena.